Safari ya Kutoka Mgori, na Kuupima Mteremko Kabla ya Kuupita

Mwezi huu nataka kuwapasha habari za nchi ya Mgori, na za safari moja tuliyoifunga kisha tukaikatiza njiani, na mambo tuliyojifunza kwayo. Naandika hasa kwa ajili ya wazazi na walimu, maana wao ndio wawaongozao watoto njiani wakati wa mvua, na wao ndio watakaoulizwa.

Mgori iko katika nchi ya Wanyaturu, kaskazini-mashariki ya mji wa Singida. Mtu atokaye mjini huyaacha nyuma yale mawe makubwa ya kijivu yaliyopandana, akapita mashamba ya uwele, mtama na alizeti, hata akafika penye msitu mkubwa wa miyombo. Katika miaka ya 1990 msitu huo ulikuwa miongoni mwa misitu ya kwanza katika Tanzania ambayo wanavijiji wenyewe walikabidhiwa kuilinda, pamoja na ule wa Duru-Haitemba upande wa Babati. Vijiji vitano viligawana ulinzi wake. Mtu akipita huko mvua ikikaribia, huiona miyombo imevaa majani machanga mekundu, na mizinga ya nyuki imetundikwa matawini. Ni nchi nzuri kwa macho.

Walakini mvua ya huku ni ya msimu mmoja tu, tangu Novemba au Desemba hata Aprili, na miezi mingine ardhi hukauka kabisa. Kwa hiyo makorongo yetu yana tabia mbili. Wakati wa kiangazi ni njia za mchanga, watoto huchezamo. Mvua ikinyesha vilimani, maji huja ghafula, hata mahali ambapo jua lawaka.

Siku ya hewa safi, mtu akisimama mahali palipoinuka akatazama kaskazini-mashariki, huuona mlima Hanang umesimama peke yake, urefu wake kama mita 3,420. Zamani za kale ulikuwa mlima wa moto. Sisi tuliuona siku zote kama jirani mpole aletaye mvua. Lakini asubuhi mapema ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima yenye miamba laini iliyokuwa imenyonya maji ilimeguka. Udongo ukachanganyika na maji, ukashuka kwa njia ya mito, ukibeba mawe na magogo, ukaingia katika mji wa Katesh na kijiji cha Gendabi na mahali pengine jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Wengi walikuwa nyumbani mwao. Hawakuwa wakipanda mlima, wala hawakufanya jambo lolote la ushupavu.

Basi safari yetu ilikuwa hivi. Mwezi Machi 2024 tulipata habari ya msiba: mama wa mwalimu mwenzetu wa Katesh amefariki kwa ugonjwa, naye atazikwa kesho yake saa nane mchana. Mimi na mwalimu mmoja kijana tukakusudia kwenda. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo, na njia ya magari ilikuwa tope tupu. Hata pikipiki hazikupita. Tukashauriana kuondoka usiku wa manane kwa miguu, tukifuata kijia kipitacho chini ya vilima, hata tuishike barabara kuu ya lami iendayo Katesh na Babati. Mzee mmoja mrina asali, aijuaye njia ile tangu utoto wake, akakubali kutuongoza.

Tulikwenda vema hata kukapambazuka. Ndipo tukafika mahali ambapo kijia hupita chini ya mteremko mkali, kisha huvuka korongo. Mzee akasimama, hakusema neno. Alichomeka fimbo yake katika udongo wa mteremko, nayo ikaingia kwa wepesi hata nusu yake, kisha ikagota. Akaichomoa, akaitazama ncha, akaichomeka mahali pengine. Ikawa vile vile. Juu yetu palikuwa na ufa mpya katika nyasi, wapata hatua kumi, na miti miwili midogo iliyoinamia bondeni. Halafu akaligeukia korongo, akauliza, “Walimu, mvua imenyesha usiku kucha; mbona maji ni machache hivi?”

Mwenzangu akajibu, “Si vizuri, Babu? Tutavuka bila kulowa.”

“Maji yakipungua kiangazi ni desturi yake. Yakipungua katikati ya mvua, huenda yamezuiwa huko juu na udongo au magogo. Na maji yaliyozuiwa hayakai, mwanangu.”

“Lakini Babu, maziko ni saa nane. Tukirudi hatutazika. Tutasema nini mbele za watu?”

Tulipokuwa tukisemezana hivyo wakaja vijana watatu, wamebeba matenga ya kuku. Wakatuamkia, wakatupita, wakavuka korongo wakicheka, wakatokomea upande wa pili. Mwenzangu akasema, “Waona, Babu?”

Mzee akajibu, “Nimeona kwamba wamevuka. Sijaona kwamba palikuwa salama.”

Tukarudi. Nasema kweli, sikuwa na furaha njiani. Ninyi nyote mwajua kwamba kukosa kumzika mama wa rafiki si jambo dogo kwetu. Mtu aweza kukumbushwa miaka mingi. Na mwenzangu hakusema nami hata tulipofika nyumbani kwa Mzee, ambako Bibi alitukaribisha motoni tukaushe nguo.

Jioni ile, hasira yake ilipotulia, mwenzangu akatusomea barua ya kaka yake, kijana aliyekwenda kusoma Norwe. Katika barua alieleza jinsi watu wa huko wasafirivyo milimani wakati wa baridi, juu ya mbao ndefu nyembamba wazifungazo miguuni, ziitwazo skii, na jinsi wafundishwavyo kuipima theluji kabla ya kuipita, isije ikawaporomokea. Mzee akasema, “Theluji naijua. Nilipokuwa kibarua Moshi niliiona juu ya Kilimanjaro. Lakini nilidhani inakaa tu.”

Hata mwongozaji wa mmisionari Johannes Rebmann, walipouona weupe ule mwaka 1848, hakuwa na jina jingine la kuuita ila baridi. Na mlima ule nao huangusha vitu. Mnamo Januari 2006, upande wake wa magharibi, mawe yaliyokuwa yameshikwa na barafu yaliachiliwa barafu ilipoyeyuka, yakaua wapandaji watatu kutoka Marekani. Njia ile ikafungwa kwa muda. Ndiyo sababu mahali kama pale wapandaji huhimizwa kupita alfajiri, kabla jua halijailegeza barafu.

Basi barua ile ilisema kwamba theluji haianguki siku moja ikawa kitu kimoja. Huanguka leo tabaka moja, kesho tabaka jingine. Hii nyepesi, hii nzito, hii imepigwa na upepo ikawa ngumu kama ubao. Katikati mwake hutokea tabaka dhaifu, lenye chembe kavu zisizoshikana. Tabaka gumu likilala juu ya lile dhaifu, mlima huonekana umetulia. Mtu mmoja akipita juu yake, uzito wake waweza kulivunja lile la chini, na ubao wote wa theluji ukateleza pamoja, mpana kama shamba, na mtu yumo ndani yake.

Mzee hakuelewa vizuri, na mimi pia sikuelewa. Mwenzangu akaomba ungo na unga atuonyeshe. Bibi akasema, “Unga si wa kuchezea, mwalimu. Chukueni majivu.” Tukayalowanisha majivu kidogo, tukatandaza nusu yake katika ungo na kuyashindilia. Juu yake tukamwaga punje kavu za mtama, na juu ya mtama tukashindilia majivu mengine. Tukauinamisha ungo polepole. Ulipofika mwinamo wa paa la nyasi, tabaka la juu likateleza lote kwa mara moja, likaanguka motoni. Tukafanya tena bila mtama. Tukauinamisha vile vile, na majivu yakashika. Mzee akacheka, kisha akanyamaza, akasema, “Basi ndilo fimbo iliyonionyesha leo. Juu laini, chini gumu, na maji yamepita katikati.”

Wasomaji, jaribio hili laweza kufanyika katika kila darasa bila gharama yoyote, nami nimelifanya mara nyingi tangu siku ile.

Barua iliendelea kusema kwamba wasafiri wale huuliza mambo matatu. La kwanza ni ukali wa mteremko. Theluji huporomoka hasa penye mteremko wa nyuzi 30 hata 45. Penye ulalo zaidi mara nyingi hushika, na penye ukali mno haipati kulundikana sana. Mtu asiye na kipimo aweza kukisia hivi: ikiwa kila mita mbili za kwenda mbele ardhi yapanda mita moja, ni nyuzi kama 27. Mteremko ukizidi huo, yafaa kuuangalia sana. La pili ni matabaka. Huchimba shimo katika theluji, wakakata nguzo yake yenye upana wa sentimita 30 kila upande, wakaweka sepetu juu na kuipiga kwa mkono, mapigo kumi ya kiganja, kumi ya kiwiko, kumi ya bega, wakiangalia itavunjika kwa pigo la ngapi na mahali gani. La tatu ni mzigo mpya: theluji nyingi iliyoanguka kwa muda mfupi, au iliyohamishwa na upepo ikalundikana nyuma ya mgongo wa mlima, au mvua, au joto la ghafula.

Tena ziko dalili zisizohitaji kipimo. Mteremko wa jirani ukiwa umeporomoka leo, na huu wa pili waweza. Nyufa zikikimbia kutoka miguuni pa mtu, arudi. Ikisikika sauti nzito chini ya theluji, kama gunia la nafaka lidondokalo sakafuni, ni tabaka la ndani limebomoka, arudi upesi. Mahali pa mashaka ambapo hawana budi kupita, hupita mmoja mmoja, wengine wakimtazama. Kila mmoja huchukua chombo kidogo cha kutoa ishara za redio, ufito mrefu wa kukunja, na sepetu. Maana mtu aliyefukiwa akitolewa katika dakika chache za kwanza huwa na matumaini makubwa, bali baada ya robo saa matumaini hupungua sana. Msaada wa mbali hauwahi. Wenzake wa njiani ndio wokovu wake.

Hata nyumba hazikusalimika huko. Mnamo Februari 1999 poromoko la theluji liliingia katika kijiji cha Galtür, nchi ya Austria, likaua watu 31. Na huko Uswisi, watu wa Andermatt walikwisha kukataza tangu mwaka 1397 kukata msitu ulio juu ya kijiji chao, kwa kuwa miti huishika theluji isianze kuteleza. Niliposikia hayo niliukumbuka msitu wa Mgori na wale waliougawana kuulinda. Walakini tusijidanganye: mizizi ya miti hushika udongo wa juu, bali udongo ukijaa maji hata chini ya mizizi, miti yenyewe hushuka pamoja nao. Hanang una msitu, na magogo yake ndiyo yaliyobomoa nyumba.

Mwisho wa barua palikuwa na neno lililomgusa mwenzangu. Wanorwe wana sheria za milimani, zilizoenezwa sana baada ya misiba ya Pasaka ya 1967, na mojawapo yafundisha kwamba kurudi mapema si aibu. Kaka yake akaongeza maneno yake mwenyewe: kwamba mlima ni mwalimu mbaya, kwa kuwa haumsahihishi mwanafunzi kila akosapo. Mtu aweza kupita mahali pabaya mara hamsini akarudi salama, naye akajiona ni hodari, kumbe alikuwa na bahati tu. Mwenzangu akaikunja barua, wala hakusema zaidi.

Kesho yake hapakuwa na mvua. Mzee hakutupitisha kijia cha jana. Alitupitisha juu, kwa mgongo wa kilima, njia ndefu yenye miiba. Tulipofika kileleni tuliliona korongo lote tangu mwanzo wake. Hapakuwa na udongo ulioziba, wala gogo. Maji yalikuwa machache kwa sababu mvua ya usiku ule ilinyesha upande mwingine. Mteremko nao ulikuwa pale pale, haujaanguka.

Mwenzangu akasema kwa upole, “Babu, tumekosa maziko bure.”

Mzee akatazama chini muda mrefu. Akajibu, “Juu ya maji nilikosea. Juu ya ufa sijui, wala wewe hujui. Ningeulizwa tena jana, ningerudi tena.”

Tulifika Katesh jioni, siku moja baada ya maziko. Mwenyeji wetu alitupokea mlangoni. Tukaanza kumwomba radhi, tukamweleza habari yote, hata habari ya vijana wa kuku. Yeye hakujibu, akachukua kofia yake, akatuongoza hadi mahali ambapo tope la Desemba lilikuwa limepita. Mawe yalikuwa yamebaki pale, mengine makubwa kuliko ng'ombe. Mahali penyewe hapakuwa na mteremko mkali. Mtu angeweza kuviringisha tairi bila kuchoka. Ndipo nilipofahamu kwamba haitoshi kuutazama mteremko uliosimama juu yake. Yafaa kuutazama ulio juu yako, hata kama u mbali, na kujua mto wake waelekea wapi.

Akasema, “Mama yangu alizikwa na watu wengi, wala kaburi halikungoja kwa ajili yenu. Lakini jirani zangu waliokaa hapa walikuwa wamelala. Hakuna aliyewaambia rudini. Ninyi mliambiwa, mkasikia. Mnaniomba radhi ya nini?” Akatushika mikono, tukaenda nyumbani kwake tukala pamoja.

Wapendwa, sikuandika habari hii ili kuwatia hofu. Mvua ndiyo chakula chetu, na safari hazina budi kufanywa. Lakini nawasihi kila nyumba ijizoeze kuuliza kabla ya kutoka. Kwanza, mvua imenyesha siku ngapi, nayo imenyesha wapi, hapa au huko juu? Pili, njia yapita chini ya mteremko gani, na korongo lake latoka wapi? Tatu, ziko dalili mpya: nyufa katika ardhi, miti au nguzo zilizoinama, chemchemi isiyokuwapo jana, maji ya mto yaliyopungua ghafula au kugeuka tope, mngurumo utokao juu? Nne, tukipita, tutapita mmoja mmoja bila kusimama, au tutajikusanya mahali pa hatari kungojana? Tano, ni nani kati yetu anayeweza kusema “turudi,” nasi tukamsikiliza?

Neno hili la tano ndilo gumu. Katika safari zetu mkubwa huongoza na mdogo hunyamaza, na mtoto aliyeona ufa huogopa kusema. Walimu wenzangu, mwagizeni mtoto aseme. Wazazi, msimcheke kijana aliyechelewa kwa sababu alingoja maji yapungue, wala msimsifu mno aliyevuka mafuriko. Maana sifa hiyo itamrudisha majini mwaka mwingine.

Mzee wetu angali akirina asali katika msitu wa Mgori. Mwenzangu humpelekea sukari na majani ya chai kila afungapo shule, wala hawajapatana hata leo kama siku ile tulirudi bure. Nami nimeona kwamba si lazima wapatane. Wasalamu.